Aliyemvua Kofia Marehemu

Kabla sijafungua mdomo, funga huo mlango, sogea karibu, kisha uniapie kwa yule umpendaye kuliko wote kwamba haya utakufa nayo. Hata mumeo asijue. Hasa mumeo. Mimi mwenyewe niliapishwa na mke wa mwanangu, jikoni kwangu, mkono wangu ukiwa juu ya tumbo lake lenye mjukuu wangu, na nikaapa kwa moyo mweupe kabisa. Basi. Nimekaa nayo, imenivimba kooni, usingizi sipati, na leo ninaitoa. Wewe kiapo chako kishike vizuri kuliko nilivyokishika mimi.

Mke wa mwanangu alikuwa ameajiriwa kwenye ofisi moja ya kutengeneza tovuti, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Kwa kuwa aliingia kazini wiki aliyoolewa, hina bado mbichi mikononi, wakambatiza jina la Bi Harusi, na jina likakaa hata tumbo lilipoanza kuonekana. Mwanangu wakati huo alikuwa nyumbani, kazi imeota mbawa, anazunguka na rimoti ya televisheni kama mlinzi na rungu. Nyumba nzima ilikuwa inamtegemea huyo binti. Hilo lishike, kwa sababu kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuning'inia kwenye uzi.

Mteja mkubwa wa ofisi alikuwa mzee mmoja mwenye nyumba ya mazishi. Walimwita Mzee wa Majeneza, na mwenyewe alicheka. Kwenye tovuti yake kulikuwa na ukurasa wa marehemu: picha, jina, aliacha nani na nani. Sasa wengi wa marehemu hao walikuwa watu ambao mababu zao walitoka ng'ambo, na majina yao yana herufi zilizovaa vitu. Nyingine ina mkia, nyingine ina nukta mbili kichwani, nyingine ina kikofia, hivi: ê.

Usiogope, nitakueleza kama nilivyoelezwa nikichambua mchele. Ndani ya kompyuta hamna herufi, mna namba tu. Ziko njia mbili za kugeuza namba kuwa herufi, ya zamani na ya sasa. Herufi zangu na zako ni zilezile kwa njia zote mbili, ndiyo maana sisi hatujawahi kupata taabu. Lakini herufi yenye kofia ukiihifadhi kwa njia ya sasa ukaisoma kwa ya zamani, inatoka kinyago: ê inakuwa Ãª. Na ukikihifadhi kile kinyago ukakisoma vibaya tena, kinazaa: ÃƒÂª. Tena, kinazaa wengine. Jina la mama wa watu linajaa wadudu.

Haya. Kabla ya Bi Harusi, pale mezani pa kona, karibu na dirisha lisilofunga vizuri, alikuwa anakaa mwanamke mmoja ambaye jina lake lenyewe lilikuwa na ê katikati. Sitalitaja. Ofisini walimwita Kofia, kwa kuwa kila aliyeandika jina lake bila ile alama alimwambia, "Umenivua kofia yangu. Nirudishie." Alikuwa na desturi ambayo ofisi nzima iliifuata: tangazo la marehemu halitoki mpaka familia iketi chumba cha mikutano, jina liangazwe ukutani kwa projekta kutoka kompyuta yake, na alisome kwa sauti, taratibu, mbele ya wenye msiba. Wakisema ndiyo, ndipo linatoka. Kompyuta yake peke yake ndiyo iliyokuwa na waya uliopenya ukutani kwenda kwenye hiyo projekta. Vifundo vya vidole vilikuwa vinamuuma, kwa hiyo alijipaka dawa ya kuchua ya karafuu, ofisi yote inanukia, na alibonyeza kibodi kwa nguvu kama mtu anayeponda viungo.

Halafu tovuti ikahamishwa kutoka mtambo wa zamani kwenda mpya. Aliyehamisha ni fundi mkuu, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linakata, aliyeitwa Mjuaji, na yeye akilichukulia jina hilo kama sifa. Asubuhi yake kila herufi yenye kofia, mkia au nukta ilikuwa imegeuka alama ya kuuliza. Majina yote. Familia zikapiga simu zinalia. Mmoja aliuliza, "Marehemu mama yangu anaulizwa nini huko aliko?"

Mjuaji akasema kosa ni la Kofia, kwamba alikuwa ananakili maandishi kutoka programu ya ajabuajabu na kubandika kwenye kile kidirisha cha kuandikia tovuti. Kofia alikana mpaka sauti ikakauka. Bosi, mama mzuri lakini mwoga wa wateja, akamfukuza siku hiyohiyo. Wafiwa walimtukana kwenye simu, barabarani, hata sokoni. Haikuchukua muda, akalala asiamke tena. Mzee wa Majeneza mwenyewe ndiye aliyemzika, na tangazo lake likawekwa kwenye ukurasa uleule, jina lina alama ya kuuliza mahali pa kofia. Wiki hiyo Mjuaji akauvuta ule waya wa ukutani, akausokota, akautupa jalalani. Eti unakusanya vumbi.

Sasa Bi Harusi aliajiriwa kuyarudisha majina hayo yote. Alikuwa anawapigia wafiwa simu mmojammoja, anawasikiliza, anaandika upya. Mchana mmoja, mbele ya wote, akasema bila hila, "Mimi naona haya hayakuharibikia kwenye kuandika. Yaliharibikia kwenye kuhama."

Mjuaji alicheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe.

Ilianza na kitu kidogo. Asubuhi Bi Harusi alirekebisha jina la bibi mmoja, likakaa safi. Akaenda kula. Aliporudi, ê imekuwa Ãª. Akafikiri amesahau kuhifadhi. Akarekebisha. Kesho yake baada ya chakula, ÃƒÂª, na jirani zake wote kwenye ukurasa vivyo hivyo. Binti hakulala. Akapekua faili: safi. Akapekua ukurasa: umeandikwa usome kwa njia ya sasa, safi. Akapekua ghala la maandishi, lile linalotunza majina, akakuta limewekwa lisome kwa njia ya zamani. Akalirudisha. Saa saba mchana likawa la zamani tena, na vinyago vimezaa.

"Mama," aliniambia huku tunamenya vitunguu, machozi yake si ya vitunguu, "kuna mkono."

"Mkono wa nani?"

"Sijui. Lakini mezani pangu panakuja harufu ya karafuu, na mimi sijipaki kitu."

Nikakiacha kisu.

Siku iliyofuata umeme ulikatika saa ya chakula. Wote waliteremka chini kutafuta upepo, na Bi Harusi akakumbuka ameacha simu mezani, akapanda ngazi peke yake, mkono kiunoni kwa ajili ya tumbo. Jua lilikuwa kali nje, lakini mle ndani palikuwa na ubaridi wa chumba kilichofungwa muda mrefu, na alipofika mlangoni akasikia kibodi ikibonyezwa, tak, tak, tak, kwa nguvu, kama mtu anayeponda viungo, wakati kompyuta zote zilikuwa zimekufa na hapakuwa na mtu, na akajiambia ni dirisha, akasogea, akajiambia ni panya, akasogea tena, mpaka akaona kwa macho yake vile vibonye vikizama na kuinuka vyenyewe, kimoja baada ya kingine, bila haraka, huku harufu ya karafuu ikimwingia puani na kushuka kooni kama dawa aliyolazimishwa kuinywa, na sponji ya kiti ilikuwa imebonyea kwa uzito wa mtu aliyekaa. Skrini ilikuwa nyeusi kama maji ya kisima, na ndani ya weusi huo alijiona yeye mwenyewe, mdomo wazi, tumbo mbele, na mbele ya tumbo lake, kitini, mahali ambapo ungeonekana uso, aliona kisogo cha mwanamke aliyekuwa ameinua mkono mmoja na kujipapasa utosini, taratibu, akirudia na kurudia, kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa amekivaa sasa hivi.

Simu aliiacha hapohapo. Namna alivyoshuka ngazi hajui mpaka leo.

Bosi alimvuta pembeni, karibu na choo, akamnong'oneza, "Punguza sauti. Wateja wakisikia tumekwisha. Ulimwona vizuri?"

"Kisogo tu, bosi. Anajipapasa kichwa."

Mjuaji akatokea nyuma yao, kimya kama paka aliyeiba, akasema, "Ni Kofia huyo. Nilisema kiti kile kichomwe moto. Kila anayekikalia anaharibu kazi. Muondoe huyu binti, bosi, kabla hajazalia hapa kitu kingine."

"Wewe si ulisema huamini majini?" Bi Harusi akamuuliza.

"Siamini majini. Naamini mikosi."

Bosi akapitisha hukumu ileile ya siku zote, nusu ya huruma, nusu ya woga. Mzee wa Majeneza alikuwa anakuja keshokutwa kutazama majina yake. Yakiwa safi, Bi Harusi anabaki. Yakiwa vinyago, mzee anaondoka na tovuti yake, na Bi Harusi anaondoka na mkoba wake. Na kazi ya kwanza ikikutoka kwa kosa la namna hiyo, nani atakupa ya pili ukiwa na tumbo la miezi?

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Mganga nilimtafuta mwenyewe, na yeyote asemaye najiingiza kwenye mambo ya watu aseme hivyohivyo. Nilimpata bibi mmoja mfupi, mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa uzi, mkali kama pilipili ya jirani. Nikampandisha ghorofa tatu, anahema na kunilaumu kila ngazi.

"Umesema jini limeingia wapi?"

"Kwenye kompyuta, bibi."

"Zama hizi hata majini yamekosa mapango," akasema.

Asubuhi hiyo, siku yenyewe ya Mzee wa Majeneza kuja, Bi Harusi alikuwa ameshaweka kila jina sawa. Alinionyesha, na niliona mwenyewe, ukurasa umetakata kama sahani ya wageni. La mwisho kuliandika lilikuwa la Kofia. Alipoiweka ile kofia juu ya e, dirisha lisilofunga lilijifunga lenyewe, polepole, bila kishindo, na mganga akashusha miwani akalitazama kwa muda mrefu.

"Funga hiyo kompyuta yako," akamwambia Bi Harusi. "Wote tuingie chumba kile tukae. Asiwepo mtu hapa."

"Hutoi dawa? Hufukizi?" Bosi akauliza kwa kunong'ona.

"Nimfukize nani? Huyu hajaja kukaa. Kuna kitu anangojea. Uacheni mlango wa ngazini wazi, afanyaye afanye."

Mjuaji alikuwa ameegemea ukuta, anachezea funguo. "Mimi mambo ya waganga hayanihusu. Nipo chini na jenereta. Mkimaliza kupunga mtaniita." Akashuka. Viatu vyake tulivisikia mpaka ghorofa ya pili, kisha hatukuvisikia tena.

Tukaingia chumba cha mikutano: Bosi, Bi Harusi, Mzee wa Majeneza na kofia yake ya nguo magotini, mganga, na mimi. Pazia limeshushwa. Projekta ilikuwa darini, imefunikwa na mfuko wa nailoni uliojaa vumbi. Ukutani pale chini palikuwa na tundu ulipopita ule waya zamani, tundu tupu, unaweza kuingiza kidole. Najua, kwa kuwa nilikiingiza.

Tukakaa. Mzee wa Majeneza akakohoa. Saa ya ukutani ikafika saa saba kasoro kidogo, na nikaanza kusikia harufu, mwanzo nikidhani ni mganga, kisha nikaona na yeye anainua pua, na ilikuwa karafuu, nzito, yenye mafuta, inatoka kwenye lile tundu kama moshi unavyotoka mdomoni mwa mvutaji.

"Mama," Bi Harusi akanong'ona, kucha zake mkononi mwangu. "Mama, tutoke."

"Tulia, mwanangu. Usimtikise mtoto."

Na ule mfuko wa nailoni ukaanza kung'aa kwa ndani. Projekta isiyo na waya, ambayo hakuna aliyeigusa tangu Kofia afukuzwe, ilijiwasha chini ya vumbi lake, ikavuma, na mwanga mchafu ukaangukia ukutani, ukatulia, ukawa ukurasa wa marehemu, majina yote safi na kofia zao, na kabla hatujavuta pumzi kishale kikaingia kutoka pembeni ya ukuta na kuanza kutembea, polepole, chenyewe, kikipita juu ya picha za wafu mmojammoja kama inzi, kikashuka, kikafungua mlango wa ghala la maandishi, kikateremka mpaka kwenye njia ya kusomea, kikachagua ya zamani. Kisha jina la kwanza likajifungua kwenye kidirisha, kinyago kikatokea mahali pa kofia, kikahifadhiwa. Jina la pili. Jina la tatu. Bosi alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili na machozi yanampita vidoleni, Mzee wa Majeneza, mtu aliyelala na maiti ujana wake wote, alikuwa anatetemeka mpaka kiti kinagonga sakafu, na mimi nilikuwa nasema kila dua niliyofundishwa na nyingine nilizotunga hapohapo.

"Ndiye huyo," Bosi akalia kwa sauti ndogo. "Kofia, nisamehe. Nisamehe, dada yangu. Unatuharibia kwa nini?"

Mganga hakutetemeka. Alikuwa ameisogeza miwani puani, anatazama kile kishale kama mama anayemtazama mtoto anayeiba sukari. Kishale kilifika kwenye jina la Kofia mwenyewe. Kikasita.

"Jini gani," mganga akasema, "linaangalia nyuma mara mbili kabla ya kubonyeza?"

Kweli kishale kilikuwa kinasimama, kinatulia, kinaendelea. Kama mtu anayetega sikio.

Bi Harusi ndiye aliyeinuka. Yuleyule aliyetaka kukimbia. Akashika tumbo lake, akausukuma mlango wa chumba mpaka ukagonga ukuta.

Mjuaji alikuwa amekaa kwenye kiti cha kona. Viatu amevivua, amevipanga chini ya meza. Mkono wa kulia uko juu ya kipanya, na skrini mbele yake imewaka, ukurasa uleule, jina lilelile. Akatutazama sisi, akatazama nyuma yetu, ukutani, akaona kazi yake imeenea ukuta mzima.

"Waya niliutupa," akasema. Ndilo neno la kwanza alilosema, mbele ya mashahidi watano.

"Simama hapo," Bosi akamwambia. Sauti yake ilikuwa mpya, hata yeye aliishangaa.

Mjuaji akavuta mkono. Mkono haukuja. Akavuta tena, bega likapanda mpaka sikioni, meza ikasogea, lakini kiganja kilikuwa kimelala palepale juu ya kipanya, na kwa macho yangu haya niliona ngozi ya mgongo wa mkono wake ikibonyea mahali panne, na mahali pa tano upande wa dole gumba, kama mkono mwingine umeushika kwa juu. Mafuta yalikuwa yanang'aa pale. Karafuu mpaka macho yanawasha.

"Nitoeni! Bibi, mtoe! Wewe si mganga?"

"Anataka neno," mganga akasema. "Mpe."

"Neno gani?"

Kibodi ikajibu. Tak. Tak. Tak. Mkono wake wa kushoto ulikuwa hewani, unatapatapa, na vibonye vinazama vyenyewe, na ukutani nyuma yetu maneno yakatoka: NANI ALINIVUA?

Mjuaji akaanza kulia kama mtoto. "Mimi," akasema. "Nilihamisha vibaya. Sikutazama njia ya kusomea, nilitaka kuwahi nyumbani. Nilipoona yameharibika nikafuta ya zamani, nikasema ni yeye. Na huyu binti alikuwa karibu kujua. Mimi. Ni mimi."

Alisema yote, Bosi anasikia, mzee anasikia, hata watu wa duka la vioo waliokuwa wamepanda kwa makelele wanasikia ngazini. Na ukutani majina yakaanza kujirudisha, moja baada ya jingine, vinyago vikianguka na kofia zikikaa, mpaka la mwisho. Mzee wa Majeneza akasimama, akaivua kofia yake ya nguo, akalisoma jina la Kofia kwa sauti, taratibu, kama yeye alivyokuwa akiwasomea wengine. Lilikuwa limetimia.

Tukageuka kumtazama Mjuaji, tukingojea mkono uachiwe.

Haukuachiwa. Ile alama ya vidole mgongoni mwa mkono wake ilizama zaidi, na tukasikia kitu kikivunjika ndani ya kiganja, kidogo, tak, kama kibonye.

"Bibi!" akapiga kelele. "Nimeshasema! Si nimeshasema?"

Mganga alikuwa tayari ameifungua miwani yake, anaifunga kwenye kitambaa.

"Umesema," akamjibu. "Lakini yeye pia alisema, mpaka sauti ikamkauka, na nani alimwachia?"

Tak.